Siku 14 baada ya chanjo: ni nini hasa kilichomuua baba yetu?

#1 BintiWaKilindini
Asalaam aleikum na habari za jioni, wanajamvi. Nimekuwa msomaji wa kimya hapa kwa miaka mingi, lakini leo nimelazimika kufungua uzi kwa sababu jambo tulilodhani limepoa limeanza kuichoma upya familia yetu. Wiki hii ya Mei 2024 zimeenea habari kwamba kampuni ya AstraZeneca inaiondoa sokoni chanjo yake ya corona. Mama alinipigia simu kutoka Tudor, Mombasa, akaniambia maneno mawili tu, "Umeona sasa," kisha akakata.

Baba alikuwa na miaka 63, karani mstaafu wa bandarini, mwenye ugonjwa wa sukari aliojua kuutunza. Mwishoni mwa Machi 2021, serikali ilipofungua chanjo kwa waliotimiza miaka 58, yeye hakutaka kwenda. Mimi ndiye niliyemshawishi. Nilimbembeleza kwa siku tatu nikimwambia kwamba wimbi la tatu limeshafika na vitanda vinajaa, na Jumatatu ya tarehe 29 Machi nikampeleka kwa mkono wangu akachanjwa hiyo hiyo ya AstraZeneca. Tulikaa kwenye foleni tangu saa moja asubuhi hadi saa saba mchana, ndani ya ukumbi ambao madirisha yake mawili tu ndiyo yaliyokuwa wazi. Jumapili ya Pasaka, tarehe 4 Aprili, akaanza homa. Alipimwa corona na majibu yakasema hana. Tarehe 10 kifua kikambana, na usiku wa kuamkia tarehe 12, zikiwa zimebaki siku chache tu tuanze mfungo wa Ramadhani, akatutoka. Cheti cha kifo kimeandikwa nimonia.

Mama anasema ni sindano. Ami yangu anasema ni foleni. Kaka yangu anasema ni hospitali. Kadi ya chanjo ya baba ninayo hapa mbele yangu; muuguzi ameandika kwa wino wa buluu tarehe ya dozi ya pili, 24 Mei 2021, na mahali pa sahihi pako patupu hadi leo. Naomba wenye elimu, na wale ambao yaliwafika yanayofanana na haya, waniambie wanachokijua.

#2 KibokoniKwetu
Makiwa, dada, na Mungu amrehemu mzee wetu. Sina elimu ya kukujibu, lakini ninaujua uzito wa kusema "mimi ndiye niliyempeleka", kwa sababu mimi nimeishi miaka minne na mzigo wa kinyume chake, wa kusema "mimi ndiye niliyekataa kumpeleka". Nitausimulia wenye elimu wakishamaliza.

#3 MuuguziWaZamu
Pole sana, dada. Ni muuguzi hapa Mombasa tangu kabla ya corona, na wimbi hilo la tatu lilinikuta zamuni, kwa hiyo nitasema ninayoyajua tu.

Habari ya wiki hii ina mambo mawili ambayo watu wameyashona yakawa moja. Kampuni imesema inaiondoa chanjo kwa sababu sokoni zimejaa chanjo mpya zaidi, zilizotengenezwa kwa ajili ya aina za virusi zilizokuja baadaye, na hakuna tena wanaoiagiza ile ya zamani. Jambo la pili ni kwamba mapema mwaka huu wa 2024, katika kesi iliyoko Uingereza, kampuni hiyo ilikiri mahakamani kwamba chanjo inaweza, kwa nadra mno, kusababisha damu kuganda huku chembe sahani, zile chembe za damu zinazosaidia kuigandisha, zikipungua. Hilo lilijulikana tangu Aprili 2021, pale wasimamizi wa dawa wa Ulaya walipolitangaza. Uingereza ilipata kati ya mtu mmoja na wawili katika kila laki moja ya dozi za kwanza, na vijana ndio waliokuwa hatarini zaidi kuliko wazee. Dalili zake mara nyingi hujitokeza kuanzia siku ya nne au ya tano hadi wiki ya nne: maumivu makali ya kichwa yasiyosikia dawa, macho kuona ukungu, tumbo kuuma, mguu kuvimba, pumzi kukata.

Kuhusu majibu ya kipimo, kuambiwa huna si sawa na kutokuwa nayo. Ile pamba ya puani hutegemea siku iliyotumika na mkono wa aliyeitumia, na ugonjwa ukishashuka mapafuni pua huweza kuonekana safi. Dozi ya kwanza nayo huhitaji kama wiki tatu kabla mwili haujajenga kinga ya kutegemewa, kwa hiyo mtu aliyeanza kuumwa siku ya sita alikuwa bado hana ngao.

Naomba kukuuliza: mguu wake ulivimba? Alilalamikia kichwa? Damu ilipimwa chembe sahani?

#4 BintiWaKilindini
Ahsante sana, nesi. Mguu wa kushoto ulivimba, ila mguu huo ulikuwa ukivimba na kunywea tangu miaka ya nyuma kwa sababu ya sukari. Kichwa kilimuuma siku mbili za mwanzo, sambamba na homa. Damu walimtoa, lakini karatasi ya majibu hatukupewa, na tulipoirudia baada ya arobaini tuliambiwa haionekani.

Kuna jambo moja ambalo halinitoki. Asubuhi ya tarehe 10 kaka yangu alinunua katika duka la dawa la Barabara ya Digo kile kidude cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni. Kilisoma 78. Tulidhani ni kibovu, kwa sababu baba alikuwa ameketi juu ya kitanda, ameegemea mto, anazungumza vizuri, na alikuwa anamuuliza mama mbona chai ya leo haina iliki. Kaka akakijaribu kidoleni mwake kikasoma 98. Tukakirudisha kwa baba kikasoma 77. Hata hivyo tulingoja hadi usiku.

#5 MuuguziWaZamu
Dada, hilo lilitupiga hata sisi tuliosomea. Wagonjwa wa corona wengi walikuwa wakizungumza na kuomba chakula huku oksijeni imeshuka chini ya 80, hali ambayo kwa nimonia ya kawaida ingemfanya mtu atwete na kuhangaika. Kwangu mimi jambo hilo linanielekeza kwenye corona kuliko mahali pengine popote, ingawa siwezi kuapa, kwa sababu donge la damu likiziba mapafuni nalo hushusha oksijeni.

#6 MzeeWaFeri
Poleni wafiwa. Mimi niko upande wa ami yako. Sisi wa Likoni tulifunzwa habari ya misongamano na wale waliotukataza kusongamana. Jioni ya tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu, maelfu walikuwa kivukoni wakitafuta kuvuka kabla ya saa moja, na askari wakawafyatulia gesi ya kutoa machozi, watu wakalala kifudifudi wamebanana, wengine wakikohoa na kutapika juu ya wenzao. Baadaye likajengwa daraja la miguu linaloelea, kutoka Liwatoni kwenda ng'ambo, ili feri zipunguziwe watu, likafunguliwa mwanzoni mwa 2021. Kama kupunguza watu kulistahili daraja zima, mbona wazee wa miaka 60 waliwekwa ukumbini kwa saa sita, madirisha mengi yamefungwa, wakati wimbi liko kileleni? Mzee huyo hakuuliwa na kilichokuwamo ndani ya sindano. Aliuliwa na njia ya kuifikia.

#7 SautiYaMikindani
Mzee, nakuheshimu, lakini wakati huo Mombasa ilikuwa imefungwa pamoja na Nairobi na maambukizi yalikuwa yameshuka. Sioni vipi foleni moja ingeleta yote hayo.

#8 MwalimuWaMtwapa
Ndugu SautiYaMikindani, hapo umechanganya miaka miwili. Mombasa, Kilifi na Kwale zilizuiwa kuingia na kutoka tarehe 8 Aprili 2020, na Mombasa ikafunguliwa Julai mwaka huo huo. Mwaka 2021 kaunti zilizofungwa, kuanzia tarehe 26 Machi, zilikuwa tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Pwani haikuwamo.

Sasa nami niseme langu kama mwalimu wa hesabu, nikiomba radhi mapema iwapo maneno yangu yataonekana makavu mbele ya mfiwa. Ukiwachanja wazee wengi katika majuma machache, tena wimbi likiwa juu, baadhi yao watafariki ndani ya siku 14 hata kama sindano ingekuwa maji matupu, kwa sababu wazee hufariki kila siku. Mfiwa mmoja hawezi kulijua hilo akiwa nyumbani kwake, kwa kuwa yeye ana baba mmoja tu na tarehe mbili tu. Huonekana pale tu unapolinganisha makundi makubwa ya waliochanjwa na wasiochanjwa.

Wala foleni si lazima iwe ndiyo iliyomwambukiza. KEMRI ya Kilifi, taasisi ya utafiti wa tiba, ilipima damu ya wachangiaji katikati ya 2020 ikakuta kingamwili, yaani alama kwamba mtu alishaambukizwa, kwa karibu watu 8 katika kila 100 hapa Mombasa, wakati serikali ilikuwa imehesabu wagonjwa elfu chache tu nchi nzima. Duru ya mapema 2021 ilikuta karibu nusu ya wachangiaji nchini wameshakutana na kirusi. Baba yako angeweza kuupata msikitini, sokoni Kongowea, au kwa mjukuu.

#9 Mwanakisauni
Mwalimu, hesabu zako ni safi, lakini naomba nisikike bila kuitwa mjinga. Shemeji yangu alikuwa na miaka 24, mchezaji wa mpira, hakuwa na ugonjwa wowote. Alichanjwa mwishoni mwa 2021 kwa sababu serikali ilitangaza kwamba asiye na cheti hatahudumiwa ofisini. Siku tatu baada ya dozi ya pili moyo ukaanza kumwenda mbio, akalazwa wiki moja. Alipona, alhamdulillahi, ila uwanjani hajarudi. Kila tulipouliza, tuliambiwa ni wasiwasi. Daktari mmoja tu, kijana, ndiye aliyefunga mlango na kutwambia kwamba inawezekana ni chanjo. Mama yake dada huyu hasemi upuuzi. Anasema kile ambacho hakuna aliyekubali kuketi naye chini wakakizungumza.

#10 MuuguziWaZamu
Kaka Mwanakisauni, sitakuita mjinga, na yule daktari alikwambia kweli. Kuvimba kwa misuli ya moyo baada ya chanjo za Pfizer na Moderna, hasa kwa vijana wa kiume baada ya dozi ya pili, ni jambo lililothibitishwa, ingawa ni nadra na wengi hupona. Kosa ni la waliomwambia ni wasiwasi. Hata hivyo chanjo ya baba ya dada yetu ilikuwa nyingine na madhara yake yalikuwa mengine, kwa hiyo yaliyompata shemeji yako hayawezi kutumika kueleza yaliyompata mzee.

#11 Mwanakisauni
Nimekuelewa na nashukuru. Lakini wauguzi nanyi mna desturi ya kuitetea sindano kama mtoto wa kuzaa.

#12 MuuguziWaZamu
Ninaitetea kwa sababu kabla haijafika nilimfunga mwenzangu wa zamu macho yake kwa vidole vyangu, Novemba 2020, na baada ya kufika sikumfunga mwingine.

#13 KibokoniKwetu
Sasa niseme langu. Mji wa Kale ulipofungwa Aprili 2020, mama yangu alikuwa na presha ya miaka mingi na moyo uliotanuka. Vizuizi viliwekwa kwenye njia zote za kuingilia, maduka mengi yakafungwa, na wahudumu wa afya wakaja kupima watu barazani. Wengi hatukujitokeza. Watu wa nje walituita wakaidi, lakini tulichokiogopa hakikuwa kijiti cha puani. Tuliogopa kupelekwa karantini ambako wenzetu walikuwa wamekaa wiki mbili na zaidi kisha wakadaiwa gharama za kulala na kula.

Usiku mmoja mama aliamka akasema anasikia kama mtu amemkalia kifuani. Alikuwa na kikohozi kidogo. Nilijua nikimpeleka hospitali na kikohozi kile, watamwona wa corona, watamtenga, na akifa atafungwa kwenye plastiki na watu waliovaa mavazi meupe, bila kuoshwa na binti zake. Nikamwambia, "Mama, tusubiri alfajiri." Nikamkanda mgongo kwa mafuta ya habasoda. Alifariki kabla ya adhana. Tulimwosha sisi wenyewe, na majirani walimsalia uani kwa sababu misikiti ilikuwa imefungwa. Hakupimwa, kwa hiyo sitajua kamwe iwapo ilikuwa corona au moyo. Ninachokijua ni kwamba hofu ya corona ndiyo iliyouzuia mlango usifunguliwe usiku ule.

#14 MwalimuWaMtwapa
Makiwa, ndugu yangu. Nimeogopa hata kuandika baada ya kukusoma. Kwa ajili ya kumbukumbu tu, Mji wa Kale ulifungwa tarehe 6 Mei 2020, siku moja na Eastleigh ya Nairobi, ukafunguliwa mwanzoni mwa Juni. Aprili ilikuwa ni Mombasa nzima.

#15 KibokoniKwetu
Umenisahihisha kwa haki, mwalimu. Ni Mei, kwa sababu ilikuwa ndani ya Ramadhani, na sufuria ya daku ilikuwa bado jikoni haijafunuliwa.

#16 MkaziWaTanga
Salamu kutoka Tanzania, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, na poleni nyote. Nyinyi mnabishana kuhusu kilichoandikwa kwenye cheti, na sisi huku hatukuwa hata na jina la kuandika. Takwimu zetu zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21 mwaka 2020, zikanyamaza. Mapema 2021, makaburini palipojaa, tulikuwa tukisema fulani amefariki kwa "changamoto ya upumuaji". Tulijifukiza nyungu kwa majani ya mchaichai, mwarobaini na mkaratusi. Februari ile alifariki Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza wazi kwamba ameugua corona, na tangu hapo ndipo majirani walipoanza kulitamka neno lenyewe kwa sauti. Chanjo ilianza kutolewa Julai 2021, Rais Samia akiwa wa kwanza. Dada yangu alikuwa amekufa tangu Machi, na nyungu yake ilikuwa bado ina joto.

Nasema hivi kumwambia dada mwenye uzi kwamba hata sisi ambao hatukuwa na sindano ya kulaumu, tulipata cha kulaumu. Familia yetu hadi leo wengine wanalaumu nyungu kwamba ilimchosha.

#17 SautiYaMikindani
Ndugu wa Tanga, pole sana. Mafusho hata huku tulijifukiza, usidhani ni nyinyi tu. Nyumba yetu yote ilikuwa inanuka mwarobaini hadi paka akahama.

#18 MpishiWaMajengo
Mimi sikunusa hata huo mwarobaini. Miezi saba sikusikia harufu ya udi wala ya samaki, na mimi riziki yangu ni kupikia harusi. Nilikuwa nikimwita mtoto wa jirani aninusie vitunguu vya biriani aniambie kama vimefika au vimeungua. Nilichanjwa mara mbili na sikudhurika, mume wangu hakuchanjwa kabisa na hakuugua, na mama mkwe alichanjwa akaugua kidogo akapona. Ndani ya nyumba moja nimeshindwa kupata kanuni.

#19 MwanaWaDoha
Nimesoma nikiwa kazini na nimelazimika kutoka nje. Mama yangu alifariki Mombasa Juni 2020. Ndege za abiria za kimataifa zilikuwa zimesitishwa tangu tarehe 25 Machi na hazikurudi hadi tarehe 1 Agosti. Nilimzika kwa simu. Mdogo wangu alisimama ukingoni mwa kaburi, Kikowani, ameinua simu, na mkono ulikuwa ukimtetemeka kiasi kwamba nikaona zaidi mawingu na mwarobaini kuliko mama. Walioruhusiwa walikuwa 15. Mama alikuwa amewazalisha watoto wa mtaa mzima, na waliomsindikiza walikuwa 15. Katika yote, hilo ndilo lililonishinda kusamehe, ingawa ninaelewa sababu yake.

Dada, mlioweza kumshika mkono baba yenu, hata kama mlichelewa, mlipata kitu.

#20 KakaMtu
Mimi ndiye kaka anayetajwa katika mchango wa kwanza. Dada amenitumia kiungo usiku huu. Amesimulia kweli, ila yaliyotokea baada ya saa nne usiku hakuyaona, kwa sababu alibaki na mama.

Tuliondoka Tudor wakati kafyu ya saa nne imeshaingia. Polisi wa kizuizini walimulika tochi ndani ya gari, wakamwona baba, wakatupisha bila swali. Hospitali ya kwanza ilisema haina kitanda chenye oksijeni. Ya pili, ambayo sitaitaja, mlinzi alitoka na karatasi badala ya machela. Walitaka amana ya shilingi laki mbili kabla ya lango kufunguliwa. Nilikuwa na elfu 40 kwenye simu. Nilianza kuwapigia watu mmoja mmoja, saa tano na nusu usiku, nikiwaamsha, na kila mtu alituma alichokuwa nacho, hata kinyozi wangu alituma 500. Baba alikuwa kiti cha nyuma. Taa ya lango ilikuwa ikimpiga usoni na nikaona midomo yake imekuwa na rangi ya zambarau. Aliniuliza, "Umetia mafuta kwenye gari?" Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia nikayaelewa. Lango lilifunguliwa saa saba kasoro dakika kumi.

Kwa hiyo mkiniuliza, sindano na foleni mimi siziwazi. Ninawaza dakika zile 80.

#21 MfamasiaMstaafu
Kaka, pole, na Mungu akulipe kwa jitihada uliyofanya. Naomba kuuliza alikuwa akitumia dawa gani kati ya tarehe 4 na tarehe 10. Nauliza kwa sababu tangu Juni 2020 ilijulikana kupitia utafiti mkubwa wa Uingereza kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu sana, inapunguza vifo kwa karibu theluthi moja miongoni mwa waliowekwa kwenye mashine za kupumulia. Watu wakaanza kuinunua dukani na kuinywa siku ya kwanza ya homa, wakati ambapo haisaidii na huweza kudhuru, na kwa mwenye sukari huipandisha vibaya mno. Niliwaona wengi wa namna hiyo kaunta kwangu, na si wote niliofaulu kuwakatalia.

#22 KakaMtu
Alipewa azithromaisini na vitamini. Kulikuwa na vidonge vingine vidogo vyeupe ndani ya karatasi ya khaki, ambavyo jirani alivileta. Sikuwahi kuuliza ni vya nini. Sasa umenipa jambo jingine la kukosea usingizi, mzee, ingawa najua hukukusudia.

#23 MzeeWaFeri
Mfamasia, hilo la vidonge vyeupe lingengoja siku nyingine.

#24 MfamasiaMstaafu
Mzee wangu, umesema kweli, na ninamwomba radhi kijana. Vidonge vyeupe ni mamia ya aina, na huenda vilikuwa vya homa tu.

#25 BintiWaKilindini
Nimechelewa kurudi kwa sababu nilikwenda Tudor. Nilimsomea mama uzi huu wote, mchango baada ya mchango, kwa kuwa macho yake hayaoni tena maandishi ya simu. Alinyamaza hadi nilipofika kwa KibokoniKwetu. Hapo akaniambia nisome tena. Nikasoma tena. Kisha akatoa jambo ambalo kwa miaka mitatu hakuwahi kulisema mbele yetu.

Jumamosi ya tarehe 27 Machi, siku mbili kabla ya chanjo, baba alikwenda matangani Mikindani, kwa binamu yake mama. Baba alikuwa hataki kutoka kwa sababu ya wimbi. Mama ndiye aliyemwambia kwamba itakuwa aibu nyumba yetu isiwe na mwanamume pale, na akampigia pasi kanzu. Baba alilala huko, chumba kimoja na watu wanane. Wawili kati yao waliugua baadaye, na mmoja alifariki Mei. Mama amelijua hilo muda wote. Alisema, "Ikiwa ni sindano, basi si kanzu."

Sijui niandike nini zaidi. Nesi, je, tarehe zinakubali?

#26 MuuguziWaZamu
Zinakubali, dada. Tangu tarehe 27 Machi hadi homa kuanza ni siku nane, na tangu foleni ni siku sita. Zote mbili zimo ndani ya muda ambao kirusi hukaa kabla ya dalili. Wala hazizuii mjukuu, soko au msikiti. Sina kipimo cha kuzitenganisha leo, na hata siku ile nisingekuwa nacho. Tafadhali mwambie mama kwamba waliokwenda matangani wiki ile Mombasa nzima walikuwa wengi mno, na wengi wao walirudi salama.

#27 Mwanakisauni
Mimi bado nasema ile karatasi ya damu iliyopotea ingetwambia kitu, na sitaacha kulisema. Lakini mpe mama salamu zangu. Mwambie kijana wa Kisauni aliyekuwa upande wake anamwombea, na kwamba sikuwa upande wake kwa sababu ya sindano tu.

#28 KibokoniKwetu
Dada, mama akipenda kuzungumza, mke wangu atakuja Tudor Alhamisi baada ya alasiri. Yeye na mama yako walikuwa wakisoma madrasa moja utotoni, nimekuja kulijua hilo sasa.

#29 BintiWaKilindini
Ahsanteni nyote. Mama amekubali Alhamisi. Ameniagiza pia nirekebishe jambo moja katika mchango wangu wa nne, kwa kuwa yeye ndiye aliyeipika chai ile. Iliki ilikuwamo. Baba aliuliza mbona haina tangawizi.